Mwalimu mpya arudishiwe darasa lilelile

Mwezi wa nne wa mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu aliingia darasani kwangu kuomba chaki. Lilikuwa darasa la kwanza, watoto 118 kwenye daftari la mahudhurio, katika shule ya msingi ya kijijini mkoani Simiyu, Tanzania, miaka miwili baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016. Ubaoni nilikuwa nimeandika "ba be bi bo bu", na chini yake "da de di do du". Nilikuwa nikigusa kila silabi kwa kijiti na darasa zima linaitikia kwa sauti moja, hadi ofisi ya walimu wanasikia. Siku hiyo niliamini kabisa kwamba nafundisha vizuri.

Mama hakuchukua chaki. Alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akaja mbele, akaniomba ruhusa kwa heshima kama vile mimi ndiye mkubwa, akamwita mtoto wa dawati la kwanza. Akafunika mstari kwa jalada gumu la daftari la mahudhurio, akaacha silabi moja tu ionekane: bo. "Soma hapa, mjukuu wangu." Mtoto akatazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Ba." Akaitwa mwingine. "Ba." Wa tatu alinyamaza, midomo ikicheza bila sauti, ndipo nikaelewa anachofanya. Alikuwa anauimba mstari wote moyoni tangu mwanzo ili afike pale, lakini hakujua asimame wapi.

"Hawa wanaimba, mwanangu," Mama aliniambia tulipotoka nje. "Kuimba wanajua. Kusoma bado."

Miezi mitatu na zaidi nilikuwa nimewafundisha watoto 118 wimbo. Wala sikuwa mvivu. Andalio la somo nililiandika kila siku, azimio la kazi lilikuwa ukutani, zana nilizichora mwenyewe usiku kwa taa ya sola. Mwalimu mkuu alipitia maandalio yangu kila Jumatatu na kuweka sahihi. Mgeni aliyekuja kukagua alihesabu zana zangu akanipongeza. Mwalimu wa zamu alinisifu kwamba darasa langu linachangamka. Wote hao waliona karatasi au walisikia sauti. Hakuna aliyemsimamisha mtoto mmoja na kumwambia asome, na mimi mwenyewe sikuwa nimefanya hivyo, kwa sababu sikujua kama kuna kitu cha kutafuta.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila nikisikia watu wakizungumzia walimu wapya, iwe kwenye vikao vya wazazi au kwenye ofisi za walimu wenyewe, neno ni moja: utazoea. Mwaka wa kwanza ni mgumu kwa kila mtu, wanasema, vumilia, wa pili utakuwa umezoea. Wanaosema hivyo wanasema kwa upendo, na mimi niliambiwa neno hilo mara nyingi kuliko neno lingine lolote mwaka ule. Lakini limetudanganya. Kwa Kiswahili chetu, uzoefu unatokana na kuzoea, na mtu huzoea lolote. Unazoea kelele, unazoea daftari zisizosahihishwa, unazoea watoto 40 wa nyuma ambao hujawahi kusikia sauti zao. Wahenga waliposema mazoea yana taabu, hawakuwa wanazungumzia walimu, ila wangetazama ofisi zetu wangeona neno lao linatimia. Bila lile jalada la daftari, mimi ningezoea kuimbisha. Mwaka wa pili ningeimbisha kwa kujiamini zaidi, mwaka wa kumi ningekuwa nawafundisha wengine kuimbisha.

Kwa hiyo swali langu katika makala hii si jinsi mwalimu mpya anavyovumilia mwaka wa kwanza. Ni kitu gani hasa kinaufanya mwaka wa pili uwe bora. Jibu langu ni mambo mawili: mtu aone anavyofundisha, na yeye apate kurudia yaleyale aliyoyakosea. Shule zetu nyingi zinamnyima yote mawili, na la pili zinamnyima bila sababu hata ya fedha.

Tulianza ualimu tukiwa watoto. Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza mwaka 1975 kwamba mwalimu, tofauti na watu wa kazi nyingine, anaingia kazini akiwa tayari amekaa maelfu ya saa akiwatazama watu wa kazi hiyo, yaani walimu wake mwenyewe. Nikipiga hesabu ya kwetu, siku za masomo ni 194 kwa mwaka. Miaka saba ya msingi na minne ya sekondari inafika siku 2,134 za kumtazama mwalimu kabla hujakanyaga chuo. Linganisha na wiki chache za BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya mwanachuo. Chuoni nilifundishwa vizuri tu kwamba mtoto aanze na sauti ya herufi, si jina lake, na kwamba silabi zichanganywe. Lakini siku ya kwanza mbele ya watoto 118, chuo kilikaa kimya na zile siku 2,134 zikaanza kuzungumza. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Niliimbisha kwa kuwa mimi niliimbishwa.

Na nilichapa. Hili nalisema kwa uchungu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na idhini yoyote wala sikuandika popote. Kijiti cha kuelekezea ubaoni kilikuwa kinashuka kwenye viganja vya watoto wa miaka sita na saba, wengi wao kwa kosa la kutosoma "bo", silabi ambayo mimi ndiye niliyeshindwa kuwafundisha. Nilichapa kwa hofu. Darasa likikuzidi, mkono unatafuta kitu cha kushika, na kitu cha kwanza unachokikumbuka ni kile alichoshika mwalimu wako. Anayetaka viboko vipungue shuleni aanze kumtazama mwalimu wa mwaka wa kwanza ambaye yuko peke yake na mlango umefungwa.

Kwa utaratibu wa utumishi, miezi 12 ya mwanzo ni kipindi cha majaribio, kisha unathibitishwa kazini. Neno lenyewe linaahidi kitu: ni muda wa kujaribu na kukosea mbele ya mtu anayejua. Mimi nilithibitishwa vizuri, barua ikatoka. Nilichoulizwa njiani ni kama nawahi kazini, kama nina utovu wa nidhamu, na kama vyeti vyangu viko kamili. Yote ni halali kuuliza. Ila kipindi cha majaribio kilipita bila mtu kujaribu kujua kama watoto wangu wanasoma.

Sasa niseme lile la pili, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Katika shule nyingi za msingi kuna desturi ya kupanda na watoto. Ukianza nao darasa la kwanza, Januari unaingia nao la pili. Desemba ile mwalimu wa taaluma alikuwa ameshaniandika darasa la pili kwenye ratiba. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikaomba nibaki. Hakunielewa. Kwa kawaida mwalimu anaomba kuondoka darasa la kwanza, ambako kuna vumbi, makamasi na watoto wanaolilia mama zao hadi Machi. Alidhani nina ugomvi na wazazi. Nikamweleza: mzee, nimejua leo namna ya kufundisha kile nilichofundisha Februari. Ukinipandisha, hiyo elimu naibeba kwenda darasa ambalo haina kazi, na la kwanza litapata mtu mwingine wa kuanza upya. Akafikiri. Akakubali, na nadhani alikubali zaidi kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyelitaka.

Mwaka wa pili nilikuwa na watoto 104. Mazingira yalikuwa yaleyale, madawati yaleyale, mshahara uleule. Kilichobadilika ni kwamba nilishajua njia ina mashimo wapi. Nilipofika herufi m sikusubiri orodha ikamilike. Siku hiyohiyo tuliandika mama, mimi, mema, umia, na kadi ya manila niliyoikata dirisha dogo katikati ilipita juu ya neno silabi kwa silabi, leo kutoka kushoto, kesho nikianzia popote. Wimbo haukupata nafasi ya kuota mizizi. Kila asubuhi niliwasikiliza watoto 12, mmoja mmoja, wengine wakiandika, hivyo kabla ya wiki mbili kuisha nilikuwa nimeisikia sauti ya kila mmoja, hata wa nyuma kabisa. Hesabu hiyo ya 12 sikuitoa kwenye kitabu. Niliipata kwa kukumbuka mwaka uliotangulia, ambapo nilijaribu kuwasikiliza 30 kwa siku nikaacha siku ya tatu.

Kulikuwa na suala la Kisukuma. Watoto wangu wengi nyumbani hawazungumzi Kiswahili, na sauti za l na r huwachanganya. Mwaka wa kwanza, kwenye imla, mtoto akiandika "kura" pale nilipotaka "kula", nilipiga kalamu nyekundu na kuendelea. Daftari zilijaa wekundu hadi mwezi wa kumi na moja. Mwaka wa pili niliyatafuta maneno hayo kabla hayajanitafuta: kula na kura, kalamu na karamu, kila jozi na picha yake, tukacheza kuyatofautisha kwa sikio wiki nzima kabla ya mtu kushika penseli. Kuna waliochanganya hata hivyo, lakini walijua kwamba kuna kitu cha kusikiliza.

Kulikuwa pia na pamba. Mwezi wa tano inapofunguka, mtoto wa miaka saba ana kazi shambani, kama si kuchuma basi kubaki nyumbani na mdogo wake. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Niliingiza herufi mpya tano ndani ya mwezi huo kwa nusu ya darasa, na shule ilipofunguliwa Julai nilikuwa na madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Mwaka wa pili mwezi wa tano niliufanya wa mapitio na hadithi. Hakuna chuo kitakachomwambia mwalimu hilo, kwa sababu chuo hakijui atapangiwa kwenye pamba, kwenye karafuu au kwenye mgodi. Linajulikana kwa kulipitia mara moja, na lina faida kwa kulipitia mara ya pili.

Novemba ya mwaka wa kwanza, walioweza kunisomea sentensi fupi bila kukisia hawakufika nusu ya darasa. Mwaka wa pili walizidi nusu kwa mbali. Wale 118 walipanda bila mimi, wengine wakiwa bado wanaimba. Nawakuta sokoni, wamekuwa wakubwa, wananiamkia. Deni lao sikulilipa, nililipa kwa wadogo zao.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Anayepanda na watoto anawajua: nani ana njaa asubuhi, nani haoni vizuri, nani ametoka kufiwa. Mtoto mdogo anahitaji uso anaoufahamu. Kwa mwalimu aliyekomaa ningesema apande nao bila shaka. Lakini mwalimu mpya anapopanda na darasa miaka mitatu, anakuwa mgeni miaka mitatu mfululizo. Kila Januari mada mpya, vitabu vipya, makosa mapya, na yale ya mwaka jana hayana mahali pa kusahihishwa. Akishafika darasa la nne kwenye upimaji wa taifa, tunamhesabu kuwa na uzoefu wa miaka minne, wakati ukweli ni kwamba ana mwaka wa kwanza mara nne.

Sekondari hali ni mbaya zaidi. Rafiki yangu tuliyesoma naye kidato cha nne aliajiriwa sekondari ya kata kufundisha Biolojia na Kemia. Mwaka wa kwanza alikuwa kidato cha kwanza, akipambana na watoto waliotoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili na ghafla kila kitu ni Kiingereza. Hadi Oktoba alikuwa ametengeneza daftari lake la maneno: yale ambayo asipoyafafanua kwa Kiswahili kabla ya somo, darasa lote linabaki kumtazama. Januari mwalimu wa Hisabati alihama, na yeye, kwa kuwa ni wa sayansi, akapewa Hisabati kidato cha tatu. Daftari lile liko kwenye begi lake hadi leo. Hakuna aliyelirithi kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lipo.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hivi, tena tukiwa na kidogo zaidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ndani ya miaka michache, na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wanafundisha, kwa masomo ya posta na ya redio, wakitembelewa na walimu wazoefu waliopewa kazi hiyo. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa la dharau. Elimu yao ilikuwa ndogo, hilo ni kweli. Lakini mpango wenyewe ulijua jambo ambalo sisi wenye vyeti na digrii tumelisahau, kwamba mtu anayejifunza kufundisha anahitaji mwingine aliyekaa nyuma ya darasa. Miaka 30 baadaye, sekondari za kata zilipochipuka nchi nzima, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kusukumwa madarasani. Watu wakawabandika jina la "voda fasta", yaani walioivishwa harakaharaka, na safari hii haraka ilibaki, uangalizi ukapungua. Yule mama wa chaki alikuwa mwalimu wa UPE. Aliniambia baadaye kwamba ujanja wa kufunika mstari alionyeshwa na mzee aliyekuwa akimtembelea kwa baiskeli, yeye akiwa binti wa miaka 17.

Wenzetu wenye uwezo wameliweka jambo hili kwenye utaratibu. Japani tangu mwaka 1989 kila mwalimu mpya wa serikali ana mwaka mzima wa mafunzo akiwa kazini, chini ya mwalimu mlezi. England tangu Septemba 2021 uangalizi ni wa miaka miwili, na mwalimu mpya anapunguziwa vipindi kwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 5 wa pili. Sisi hatuna walimu wa kutosha kumpunguzia mtu vipindi. Darasa la msingi kwa kiwango chetu wenyewe ni watoto 45, na wapo wanaofundisha mara mbili na tatu ya hao. Sitaki kumdai mwalimu mkuu kitu asichonacho.

Ninachodai ni ratiba. Mwalimu anayeanza apewe darasa au somo moja, na apewe hilohilo mwaka wa pili. Anayeamua hilo ni mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, kwa penseli na kifutio, mwezi wa kumi na mbili. Halihitaji waraka wala mfadhili. Na lile darasa gumu kuliko yote lisiwe zawadi ya kumkaribisha mgeni. Mimi nilipewa la kwanza kwa sababu wote walilikimbia, na nakuhakikishia msomaji kwamba hakuna darasa linalohitaji fundi kuliko hilo.

La kuonwa darasani nalo lina mlango tayari. Kupitia MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, shule zimeanzisha Jumuiya za Ujifunzaji ambamo walimu hukaa pamoja kujadili ufundishaji. Nimeona zinazofanya kazi nzuri, na nimeona zilizogeuka kuwa kikao cha kusoma moduli kwa sauti na kusaini mahudhurio. Tofauti niliyoiona ni ajenda. Jumuiya ikijadili mada iliyotoka juu, kila mtu anakubali na kuondoka. Ikijadili daftari kumi za watoto wa mwalimu mpya zilizowekwa mezani, watu wanainama, wanabishana, mmoja anasema hata mimi hili lilinishinda. Walimu wakongwe huona haya kuingia darasa la mwenzao bila sababu, kwani mtu ataonekana anamchunguza. Ikishakuwa ni kazi ya jumuiya, haya inaondoka.

Januari mwaka huu shuleni kwetu ameripoti binti aliyekaa mtaani miaka sita tangu amalize chuo, akiuza vitenge huku akisubiri ajira. Amepewa darasa la kwanza, na mwalimu mkuu amekubali kwa maneno kwamba mwakani atalirudia. Jumanne na Alhamisi nakaa nyuma ya darasa lake kipindi kimoja, kwenye dawati la watoto, na yeye anakuja kwangu Ijumaa. Wiki za mwanzo aliogopa, alikuwa akifundisha huku ananitazama mimi badala ya watoto. Alhamisi iliyopita nilichelewa kidogo, akatoka hadi ofisini kunifuata. "Madam, njoo uone. Kuna mtoto anasoma 'mama' vizuri kabisa, lakini nikimwandikia 'mema' ananiambia ni 'mama'."